Dawa ya Kupunguza Unene: Je, Yastahili Bei Yake?

(Hotuba iliyosomwa na fundi mmoja wa karakana ya reli mbele ya mkutano wa wanachama, Nairobi. Tumeipiga chapa kwa ombi la ndugu waliokosa kuhudhuria kwa sababu ya zamu.)



Mimi si daktari. Elimu yangu ni ya shule ya msingi ya misheni, na kazi yangu, kama mjuavyo, ni kutengeneza magurudumu na breki za mabehewa. Lakini Kamati iliniomba niseme juu ya jambo hili kwa sababu mbili. Ya kwanza, mimi mwenyewe nina ugonjwa wa sukari, ule wa aina ya pili, na tena nina unene. Ya pili, wanachama wengi wamekuja ofisini kuuliza kama waweza kupata mkopo wa kununua ile sindano ya kupunguza mwili ambayo habari zake zimeenea kila mahali. Nimesoma, nimewauliza wenye kujua, na nimepiga hesabu. Haya ndiyo niliyoyapata.

JINSI JAMBO LILIVYONIPATA

Miaka miwili iliyopita nilikuwa na kilo 112. Nilikuwa nikinywa maji usiku kucha na kuamka mara tano kwenda chooni. Nikadhani ni joto, kisha nikadhani ni kazi ya usiku. Mke wangu ndiye aliyenipeleka zahanati kwa nguvu. Sista akanichoma kidole, akatazama kipimo, akaniambia, "Baba, sukari yako iko juu sana, na naona umekuwa nayo muda mrefu bila kujua."

Nikapewa vidonge viitwavyo metformini. Bei yake ilikuwa ndogo, ikanifanya nisiviheshimu. Nikajisemea, dawa ya shilingi chache yaweza kuponya nini? Nikaenda katika duka la dawa mjini, nikauliza habari za sindano. Nikaambiwa ni zaidi ya shilingi 20,000 kwa kalamu moja, na kalamu hiyo ni ya mwezi mmoja tu. Nikachukua fomu ya mkopo katika chama chetu cha akiba na mikopo, nikaijaza, nikaitia mfukoni.

Siku ya kurudi kliniki nilimwonyesha Sista ile fomu. Hakunigombeza. Aliuliza swali moja tu: "Mkopo huu watosha miezi mingapi?" Nikasema labda sita. Akasema, "Na mwezi wa saba utalipa na nini?" Sikuwa na jibu. Ile fomu ningali nayo mpaka leo, haijapelekwa.

Mwenzangu mmoja wa karakana hakuulizwa swali hilo. Amenipa ruhusa niseme habari zake bila jina. Alikopa shilingi 100,000. Akanunua kalamu nne, akapungua kilo 6, akafurahi, nasi tukafurahi pamoja naye. Fedha zikaisha. Kabla ya mwaka kwisha karibu kilo zote zilikuwa zimerudi, na hivi leo mshahara wake ungali unakatwa kila mwezi kwa ajili ya mkopo ule. Basi alilipa fedha nyingi akapata faida ya miezi michache.

Lakini ndugu zangu, kuna habari ya pili, nami naomba mziweke zote mbili pamoja. Yuko mzee mmoja aliyekuwa gadi wa gari la moshi, mtu mwenye heshima sana. Naye alikuwa na sukari na unene. Hakuthubutu hata kuuliza habari za sindano. Alikuwa akinunua vidonge vya wiki mbili na kuvipanga vifike mwezi, ili karo ya watoto ipatikane. Akaona ameokoa fedha. Leo hana mguu wa kulia. Shilingi alizookoa kwa miaka yote hazifiki hata gharama ya siku zile alizolala hospitali.

Mmoja alilipa nyingi mno, na mwingine alilipa kidogo mno, na wote wawili walipata hasara. Basi ni lazima tujue namna ya kupima thamani ya dawa.

SINDANO HII NI NINI, NA YAFANYA NINI

Dawa zenyewe ziko za namna kadha wa kadha. Moja yaitwa semaglutaidi, ndiyo iuzwayo kwa jina la Ozempic. Nyingine ni tairzepataidi, iuzwayo kwa jina la Mounjaro. Hudungwa chini ya ngozi mara moja kwa wiki. Zinaiga kitu ambacho utumbo wetu hukitoa wenyewe tukisha kula, ambacho huuambia ubongo kwamba tumbo limeshiba, na hulisaidia kongosho kutoa insulini wakati sukari inapopanda. Mtu huona njaa kidogo, hula kidogo, na mwili hupungua.

Dawa hizi si uganga wala si uongo. Mwaka 2021 ilitangazwa habari ya watu wanene wenye sukari waliopewa semaglutaidi ya kipimo kikubwa kwa wiki 68. Walipungua asilimia 9.6 ya uzito wao. Lakini angalieni: wenzao waliodungwa sindano isiyo na dawa, wakafundishwa habari za chakula na mazoezi vile vile, walipungua asilimia 3.4. Maana yake, kwa mtu wa kilo 100 kazi ya dawa yenyewe ilikuwa kama kilo 6. Mwaka 2023 tairzepataidi ikaonekana kuwa na nguvu zaidi: kwa kipimo cha juu asilimia 14.7, na wale wa sindano tupu asilimia 3.2.

Tena ziko shida zake. Wengi huona kichefuchefu, kutapika na kuharisha, hasa mwanzoni. Na ukiiacha, unene hurudi. Watu wasio na sukari waliofuatwa baada ya kuacha semaglutaidi walirudisha theluthi mbili ya uzito walioupoteza katika muda wa mwaka mmoja. Hayo ndiyo yaliyompata mwenzangu wa karakana. Haikuwa uvivu wake. Ndivyo mwili ulivyo. Dawa hii ni kama vidonge vya presha: yafanya kazi siku zile unapoitumia. Basi mtu asipige hesabu ya kalamu moja, wala ya miezi sita. Apige hesabu ya miaka.

KUSTAHILI BEI MAANA YAKE NINI

Sisi wa karakana twalijua jambo hili bila kufundishwa. Tukipewa grisi mbili za kutia katika beringi za mabehewa, moja rahisi na moja ghali, hatuulizi bei ya kopo tu. Twauliza: kwa grisi hii behewa litakwenda maili ngapi kabla beringi haijashika moto? Na beringi ikishika moto njiani, gharama ya kuliondoa behewa na kufunga njia ni kiasi gani? Grisi rahisi inayounguza beringi ni ghali. Lakini hata grisi nzuri, ikiwa kopo moja lauzwa kwa bei ya behewa zima, hakuna mwenye akili atakayeinunua.

Wenzetu wa Uingereza wanacho chombo cha serikali kiitwacho NICE, kilichoanzishwa mwaka 1999, nacho hufanya hesabu ya namna hiyo kwa dawa. Huuliza: dawa hii yampatia mgonjwa muda gani zaidi wa kuishi, na katika muda huo anaishi kwa afya au kwa mateso? Mwaka mmoja wa afya kamili huhesabiwa moja. Mwaka wa kuishi kipofu au bila mguu huhesabiwa pungufu ya moja. Kisha gharama yote hugawanywa kwa miaka hiyo. Kwa zaidi ya miaka 20 desturi yao ilikuwa kukubali dawa ambayo mwaka mmoja wa afya hugharimu kati ya pauni 20,000 na pauni 30,000. Ikizidi sana hapo, humwambia mwenye kiwanda ashushe bei au arudi na dawa yake.

Wengine mtasema ni vibaya kuutia uhai wa mtu katika hesabu. Hata mimi nilisema hivyo. Lakini hesabu hufanyika tu, tupende tusipende. Yule mzee gadi aliifanya peke yake, gizani, kwa shilingi za karo. Ni heri ifanywe mchana, na watu wengi, kwa vipimo vya kweli.

TUPIGE HESABU YETU

Mwaka 2016 ilitolewa habari ya uchunguzi wa semaglutaidi kwa watu 3,297 wenye sukari. Walikuwa wa miaka 50 na zaidi, na wengi walikwisha kuwa na ugonjwa wa moyo au wa figo. Walifuatwa kwa miaka miwili hivi. Kati ya waliopata sindano tupu, watu 89 katika kila 1,000 walikufa kwa ugonjwa wa moyo na mishipa, au walipatwa na mshtuko wa moyo au kiharusi. Kati ya waliopata dawa, walikuwa 66. Tofauti ni watu 23.

Basi chukueni kalamu. Watu 1,000, kwa miezi 24, kwa shilingi 20,000 kila mwezi, ni shilingi milioni 480. Gawanyeni kwa wale 23 waliookolewa. Ni kama shilingi milioni 21 kwa kila mmoja. Nchi yetu haiwezi, na hakuna chama cha wafanyakazi kiwezacho.

Sasa rudieni hesabu ile ile, lakini bei iwe shilingi 650 kwa mwezi. Jumla ni shilingi milioni 15 na laki sita. Gawanyeni kwa 23. Ni kama shilingi 680,000 kwa kila mtu aliyeepushwa na kiharusi, mshtuko wa moyo au kifo. Tena hapo hatujahesabu figo. Mwaka 2024 uchunguzi mwingine kwa watu wenye sukari na ugonjwa wa figo ulionyesha kwamba dawa hii ilipunguza kuharibika kwa figo na vifo vya figo au vya moyo na mishipa, vikihesabiwa pamoja, kwa asilimia 24. Mjue kwamba mtu ambaye figo zimekufa husafishwa damu kwa mashine mara mbili kwa wiki, na Mamlaka ya Afya ya Jamii iliwekewa bei ya shilingi 10,650 kwa kila mara. Kwa mwaka ni zaidi ya shilingi milioni moja kwa mtu mmoja.

Hii ni hesabu ya fundi, si ya mtaalamu, na kwa kijana asiye na ugonjwa wa moyo faida ya miaka miwili itakuwa ndogo kuliko hiyo. Lakini yatosha kutuonyesha jambo moja. Dawa ni ile ile, na mwili wa mtu ni ule ule. Kwa bei moja ni upumbavu kuinunua, na kwa bei nyingine ni upumbavu kuikosa. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Chicago walisema jambo kama hilo mwaka 2025 juu ya watu wanene wa Marekani: dawa hizi zina faida kubwa mwilini, lakini ili semaglutaidi istahili bei yake kwa kipimo cha kwao, ilipaswa kushushwa kwa asilimia 80 hivi.

BEI NI MAPATANO

Nimetaja shilingi 650, na najua mmoja wenu anacheka. Sikuiokota njiani. Mwaka 2024 wachunguzi wa dawa walitangaza hesabu ya gharama za kutengeneza dawa za sukari. Walisema semaglutaidi ya mwezi mmoja yaweza kutengenezwa na kuuzwa, na faida ya mwenye kiwanda ikiwa ndani, kwa chini ya dola 5. Hizo ndizo shilingi 650 hivi.

Basi mbona yauzwa ghali? Tazameni bei zilizoandikwa mwaka 2023 kwa Ozempic ya mwezi mmoja. Marekani ilikuwa dola 936. Japani 169. Ujerumani 103. Uingereza 93. Ufaransa 83. Kalamu ni ile ile, ya kampuni ile ile. Mfaransa si hodari wa kuomba kuliko Mmarekani. Tofauti ni kwamba huko kwingine serikali huketi mezani kwa niaba ya watu wote na kusema, tutanunua kwa bei hii ama hatununui.

Na Marekani wenyewe wamejifunza. Bima yao ya wazee, iitwayo Medicare, ilikuwa imekatazwa na sheria kupatana bei na viwanda mpaka ilipopitishwa sheria mpya mwaka 2022. Novemba 2025 wakatangaza walichopatana kwa semaglutaidi: dola 274 kwa mwezi badala ya dola 959 zilizoandikwa, kuanzia Januari 2027. Hakuna kilichobadilika ndani ya kalamu. Waliketi mezani wengi kwa pamoja, bei ikashuka.

Ndugu zangu, jambo hilo sisi ndio tunaolijua kuliko madaktari. Mtu mmoja akienda kwa mkubwa wa kazi kuomba nyongeza ya mshahara, hupewa jibu la mtu mmoja. Bei ya dawa ni kama mshahara. Si amri iliyoshuka mbinguni. Ni mapatano, na anayekwenda peke yake na fomu ya mkopo mfukoni hulipa bei ya mtu mmoja.

Tena wakati unatusaidia. Haki ya mwenye kampuni ya kuitengeneza semaglutaidi peke yake nchini India ilipangwa kumalizika Machi 2026, na viwanda vya India ndivyo vinavyotuletea sehemu kubwa ya dawa zetu hapa Kenya. Na Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa hizi katika orodha yake ya dawa za lazima, kwa watu wenye sukari ya aina ya pili ambao pia ni wanene na wana ugonjwa wa moyo au wa figo. Hata orodha hiyo haikusema kila mnene apewe. Ilianza na wale ambao faida yao ni kubwa.

KILICHO KARIBU TUSIKIACHE

Nisije nikawafanya mkae mkingojea sindano, huku dawa iliyo mkononi mnaitupa kama nilivyotaka kuitupa mimi. Ile metformini niliyoidharau ilichunguzwa huko Uingereza kwa miaka mingi. Mwaka 1998 wakatangaza kwamba watu wenye uzito uliozidi walioanza nayo walikufa kwa uchache zaidi, asilimia 36 pungufu ya wale waliopewa mashauri ya chakula tu. Na mwaka 2001 walipopiga hesabu ya fedha wakaona kwamba dawa hiyo ilirefusha maisha na tena ikapunguza gharama, kwa sababu madhara yaliyotibiwa hospitali yalikuwa machache. Dawa ya namna hiyo haina haja ya kubishaniwa. Rahisi hii si ghali.

Na kuhusu unene wenyewe, wako waliopungua bila sindano. Katika Uskochi na kaskazini ya Uingereza watu wapatao 300 wenye sukari ya miaka isiyozidi sita, wasiotumia insulini, waligawanywa mafungu mawili. Fungu moja walipewa supu na vinywaji maalum vya kalori 830 hivi kwa siku, kwa miezi mitatu hadi mitano, kisha wakarudishiwa chakula polepole chini ya uangalizi wa wauguzi. Habari ilitolewa mwaka 2017: baada ya mwaka mmoja, 46 katika kila 100 walikuwa hawana tena sukari ya ugonjwa na hawakutumia dawa yoyote ya sukari. Katika fungu lililotibiwa kwa desturi walikuwa 4 tu. Waliopungua kilo 15 na zaidi walikuwa wachache, lakini wengi sana kati yao walifaulu. Baada ya miaka miwili waliobaki salama walikuwa 36 katika 100. Kwa hiyo si njia ya mteremko, na wengine hurudi nyuma.

Lakini nawaonya: mtu asijaribu kufunga kula namna hiyo bila daktari, hasa anayetumia insulini au vidonge kama glibenklamaidi. Sukari yaweza kushuka ghafula ukazirai. Dreva akizirai juu ya injini, au mtu wa pointi akizirai katikati ya njia, si yeye peke yake atakayeumia.

Mimi nilianza na kidogo. Nimeacha soda. Chai yangu haina sukari. Ugali nimeupunguza nusu na sukuma wiki nimeiongeza. Nashuka matatu mbali kidogo nikitoka kazini, namaliza njia kwa miguu. Vidonge sikosi. Leo nina kilo 103, na sukari yangu imeshuka ingawa haijafika Sista anapopataka. Sikuja hapa kujisifu. Kilo 103 bado ni nyingi, na siku sindano ikifika bei ya haki, na daktari akisema nafaa, nitaipokea bila haya.

WANAOSEMA NI KOSA LETU

Najua wako wanaonong'ona kwamba mnene alijiletea mwenyewe, asibebwe na wenzake. Naomba nimjibu ndugu huyo kwa upole. Uchunguzi uliofanywa Kenya mwaka 2015 ulionyesha kwamba watu wazima 27 katika kila 100 walikuwa na uzito uliozidi, na kwa wanawake walikuwa 38. Je, hao wote wamekuwa walafi mara moja? Tazama kazi zetu. Dreva huketi saa nane. Mtu wa zamu ya usiku hula saa sita ya usiku kile apatacho langoni, nacho ni chipsi na soda, kwa sababu kantini imefungwa. Hulala mchana penye kelele, na huamka na njaa. Mwili ni wangu, sikatai, na mdomo ni wangu. Lakini saa za kazi na chakula cha langoni si vyangu peke yangu.

Tena uchunguzi ule ule ulionyesha kwamba watu 88 katika kila 100 hawajapata kupimwa sukari hata mara moja. Basi huyu anayetulaumu huenda naye anayo, hajui tu.

TUNALOPASWA KUFANYA

Kwa kila mwanachama nasema haya. Nenda ukapimwe. Ukipewa vidonge, vimeze vyote kwa siku zake. Usikope fedha kununua sindano ambayo huwezi kuiendesha kwa miaka. Na usiinunue kabisa kwa mtu wa njiani au wa kwenye simu: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa onyo juu ya semaglutaidi ya bandia, na hata ile ya kweli huhitaji kutunzwa katika baridi kabla ya kufunguliwa.

Kwa chama chetu naomba mambo manne yaandikwe, ili Kamati iyapeleke mezani tutakapopatana tena na wakubwa wa kazi.

Kwanza, kila mfanyakazi apimwe sukari, presha na uzito mara moja kwa mwaka, mahali pa kazi na katika saa za kazi. Tena iandikwe wazi kwamba mtu atakayeonekana na ugonjwa hatafukuzwa wala kupunguziwa mshahara kwa sababu hiyo. Nawajua madreva wanaoficha sukari zao kwa hofu ya kushushwa kwenye injini. Anayeficha hatibiwi, na asiyetibiwa ndiye wa hatari.

Pili, metformini na dawa za presha zisikosekane hata mwezi mmoja. Kila mwezi twakatwa asilimia 2.75 ya mshahara kwa bima ya afya ya jamii. Hiyo ni fedha yetu, na tuna haki ya kuuliza kama vidonge viko.

Tatu, kantini ifunguliwe kwa zamu ya usiku, na iwe na chakula cha maana.

Nne, juu ya sindano yenyewe: chama kisiseme "ndiyo" kwa kila bei, wala kisiseme "hapana" kwa sababu ni ghali leo. Kiungane na vyama vingine kuitaka Serikali inunue kwa wingi, kutoka kwa viwanda vitakavyouza kwa bei ya haki, na waanzwe wenye ugonjwa wa moyo na wa figo.

Wazee walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi wa reli tuna wenzetu ambao ukuta wao umekwisha anguka. Yule mzee gadi alinituma niwaambie neno moja, nami naliacha kwenu kabla ya kuketi. Alisema, "Waambie wasinihurumie. Waambie wahesabu vizuri kuliko nilivyohesabu mimi."

Bwana Mwenyekiti, naomba mambo hayo manne yajadiliwe.